Vita vya Tanga Juu ya Mkeka



Katika matoleo yaliyopita tulizungumzia ludo, drafti, kuruka kamba na namna ya kushona mpira wa matambara. Mwezi huu tunaingia katika jambo ambalo baadhi yenu mmetuuliza kwa wasiwasi. Watoto wetu, hasa wavulana, wanapenda michezo ya vita. Je, mama afanye nini? Awakataze, au anyamaze?

Wasiwasi huo tunauelewa. Huku kwetu Lushoto ukifika mwezi wa Juni ukungu unashuka kutoka Magamba, baridi inaingia hadi mifupani, na watoto walioko likizo wanajazana ndani ya nyumba. Manyunyu yakikatika kidogo wanatoka nje na bunduki za mabua, wanapigana risasi kwa midomo hadi sauti zinawakauka. Manyunyu yakirudi wanaingia, na yule mkubwa anaomba simu ya baba yake. Humo kwenye simu kuna vita vingine. Mtu anapigwa risasi, anaanguka, anatoweka, na mchezo unaendelea. Hakuna anayemlilia wala anayemzika.

Maoni yetu ni kwamba kukataza peke yake hakufiki mbali. Watoto hao hao siku ya Jumapili wanasimuliwa habari za Gideoni, za Daudi na Goliathi, za kuta za Yeriko, nao wanasikiliza bila kupepesa macho. Hatuwezi kuwaambia kwamba vita havikuwapo. Lakini twaweza kukaa nao mkekani kwa muda wa nusu saa, tukacheza vita vilivyopiganwa kweli karibu na kwetu, huku tukiwaeleza nani alikuwa nani na nani hakurudi nyumbani. Kwa hiyo tumewaletea mchezo wa ubao unaotengenezwa kwa boksi la katoni na vifuniko vya soda, juu ya vita vya Tanga vya mwaka 1914. Mama ambaye hajapata kucheza mchezo wowote wa namna hii ndiye hasa tuliyemfikiria tulipoandika kanuni zake.

Michezo ya vita si kitu kipya. Bao letu lenyewe, lile la mashimo 32 na kete 64, ni vita: watu wanakulana kete, na kila mmoja analinda nyumba yake. Ila bao hilo halifunzwi kwa jioni moja, na wazee wanaolicheza barazani hawana subira na mtu anayeuliza kunamua ni nini. Tena bao halitaji vita gani. Huko Ujerumani, mwaka 1824, afisa kijana aliyeitwa Reisswitz aliwaonyesha wakuu wa jeshi la Prussia mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani, na tangu hapo maofisa wa jeshi lile wakawa wanafunzwa kwa michezo kama huo. Mwaka 1913 mtunzi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kuchezea askari wadogo wa bati sakafuni. Haukupita mwaka na nusu vita vya kweli vikaanza. Huko Marekani Charles Roberts alianza kuuza michezo ya vita ya ubao mwaka 1954, na mingi iliyofuata baada yake ilikuwa na kijitabu cha kanuni kinene na kumaliza siku nzima. Mama gani ana siku nzima? Baadaye watengenezaji walijirekebisha. Mchezo uitwao Memoir '44, uliotolewa mwaka 2004 juu ya vita vya Ulaya, unaishia katika saa moja au chini yake. Sisi tumefuata njia hiyo ya wepesi: kanuni chache, kete chache, na mwisho unaojulikana tangu mwanzo, ili makande yakiwa tayari jikoni na vita viwe vimekwisha.

VILIVYOTOKEA TANGA

Kabla ya kukata boksi, mama awasimulie watoto habari yenyewe. Ni habari ya kusisimua, na nusu ya mchezo ni hiyo.

Wakati huo nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani, na Lushoto iliitwa Wilhelmstal. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, na kabla ya vita ilikwisha kufika Moshi. Reli hiyo ishikeni akilini, kwa maana ndiyo iliyoamua mambo.

Tarehe 2 Novemba 1914 meli ya vita ya Waingereza iitwayo Fox iliingia bandarini Tanga. Kamanda wake alimwita mkuu wa serikali wa Kijerumani, akamtaka ausalimishe mji, tena akamwuliza kama bandari imetegwa mabomu. Watoto wetu walicheka sana hapo. Mtu anakuja kukupiga, halafu anakuuliza umeweka mtego wapi! Mjerumani akaomba muda wa kushauriana, na muda huo ukatumika kupeleka habari juu kwenye reli. Waingereza walichelewa kwa kutafuta mabomu ambayo hayakuwapo.

Jeshi lililokuwa melini lilikaribia watu 8,000, wengi wao askari wa Kihindi pamoja na kikosi cha Waingereza, chini ya Jenerali Aitken. Walikuwa wametoka Bombay katikati ya Oktoba. Walikuwa wamesongamana melini kwa majuma, wametapika, wamedhoofika, na baadhi yao walikuwa wamepewa bunduki za aina mpya ambazo hawakuwahi kuzizoea. Walishushwa Ras Kasone usiku wa kuamkia tarehe 3. Mjini kulikuwa na askari wachache mno. Lakini Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa akiwaleta wengine kwa treni kutoka Moshi, na yeye mwenyewe alifika usiku wa kuamkia tarehe 4, akazunguka mji uliokuwa kimya kwa baiskeli ili aone mambo yalivyo. Hata wote walipokusanyika hawakupita sana 1,000.

Tarehe 4 jeshi kubwa likasonga mbele kupita mashamba ya mpira, mikonge na vichaka. Jua kali, hakuna njia, mtu hamwoni jirani yake. Baadhi walifika hadi ndani ya mji wakapigana nyumba kwa nyumba, wengine wakavunjika na kurudi nyuma. Katikati ya hayo risasi zikaigusa mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini, nyuki wakatoka na hasira zao, wakawauma watu wa pande zote mbili. Huko Ulaya vita hivyo bado vinaitwa vita vya nyuki. Kiswahili chetu kinachekesha hapa, kwa maana ukimwambia mtoto kwamba Waingereza walikimbizwa na mizinga, atakuuliza mizinga ipi.

Tarehe 5 walipanda meli wakaondoka. Waliacha pwani bunduki mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000, ambazo Wajerumani walizitumia kwa muda mrefu baadaye. Waliouawa upande wao walikuwa kama 360, na majeruhi zaidi ya hao. Watoto wakiwacheka askari wa Kihindi, mama awakatize kwa upole. Watu hao walitolewa mbali kwao kwenda kufa kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kusikia jina lake.

Swali moja litakuja hakika, kama lilivyokuja kwetu: “Sasa sisi tulikuwa upande gani?” Jibu la kweli ni kwamba tulikuwa pande zote mbili na hatukuwa na upande. Askari wengi wa Wajerumani walikuwa Waafrika. Waingereza nao walileta askari Waafrika kwa wingi katika miaka iliyofuata. Amri ilikuwa ya wengine. Mtoto wa miaka kumi analielewa hilo bila shida. Watu wazima ndio huwa wanataka kujua nani alikuwa mwema.

KUTENGENEZA UBAO

Kata upande mmoja wa boksi la katoni, ulio laini. Chora vyumba 15, yaani safu tatu, kila safu vyumba vitano. Vyumba vitatu vya mwisho mkono wa kulia andika Ras Kasone, na kando yake paka rangi ya bahari. Vyumba vitatu vya mwisho mkono wa kushoto andika Tanga Mjini. Vile tisa vya katikati ni mashamba na vichaka. Watoto wachore mikonge na miti, na mizinga ya nyuki pia. Kisha kutoka Tanga Mjini chora reli inayokwenda zaidi kushoto, yenye vituo hivi kwa mfuatano: Muheza, Korogwe, Mombo, Buiko, na mwisho Moshi. Vituo ni vingi kuliko hivi, lakini hivi vitano vinatosha. Mtoto aliyezoea kuteremka Mombo kwenda kupanda basi atafurahi kuliona jina hilo.

Tafuta vifuniko vya soda 12. Vinane ni vya washambuliaji, vinne vya walinzi, navyo vigeuzwe chali ili visichanganyike. Tafuta punje sita za mahindi, nne za washambuliaji na mbili za walinzi. Dadu moja ya ludo inatosha. Kama haipo, kata kipande cha kiazi kibichi kiwe na pande sita sawa, uchome alama kwa njiti. Kitadumu jioni moja au mbili.

KUCHEZA

Wachezaji ni wawili, au makundi mawili. Mchezo una zamu nane tu, na kila zamu anaanza mshambuliaji. Zihesabuni kwa kuweka vijiti pembeni, maana watoto husahau kwa makusudi.

Mwanzoni vifuniko vinane vya mshambuliaji na punje zake nne vyote viko baharini. Mlinzi ana kifuniko kimoja na punje moja Tanga Mjini, katika chumba chochote anachotaka. Vifuniko vyake vitatu na punje moja viko Moshi.

Zamu ikifika, mshambuliaji anashusha Ras Kasone vifuniko viwili na punje moja. Baada ya zamu nne wote wamekwisha kushuka. Kisha anaweza kusogeza vifuniko vitatu vilivyokwisha kuwa nchi kavu, kila kimoja chumba kimoja, mbele, nyuma au pembeni, si kwa mshazari. Vitatu tu! Jeshi kubwa lisilojua njia haliendi lote kwa pamoja. Punje zake anaweza kuzisogeza zote. Mlinzi, zamu yake ikifika, anasogeza treni kituo kimoja, kwa hiyo waliotoka Moshi wanaingia Tanga Mjini katika zamu ya tano, wanawekwa katika vyumba vya mji anavyopenda. Vifuniko na punje zake zilizo ubaoni anaweza kuzisogeza zote, chumba kimoja kimoja. Chumba kimoja hakibebi zaidi ya vifuniko viwili vya upande mmoja, na hakuna anayeingia chumba kilicho na kifuniko cha adui.

Baada ya kusogeza ni kupigana. Kifuniko kilicho katika chumba kinachopakana na cha adui kinaweza kumpiga mara moja kwa zamu. Tupa dadu. Mshambuliaji akipata 6 anaondoa kifuniko kimoja cha adui katika chumba hicho. Mlinzi anaondoa akipata 5 au 6, kwa kuwa watu wake wamepumzika na wanaijua nchi. Yeyote akipata 1, nyuki! Kifuniko chake mwenyewe kinarudi nyuma chumba kimoja. Kama kilikuwa Ras Kasone kinarudi melini, na kama kilikuwa mjini kinakimbilia kituo cha reli. Zamu inayofuata kitarudi mahali kilipotoka, kama adui hajapakalia.

Mwisho wa zamu ya nane tazameni vyumba vitatu vya mji. Mshambuliaji akiwa na vifuniko vyake katika viwili au zaidi ameshinda. Asipokuwa navyo, mlinzi ameshinda.

Ni hayo tu. Mara ya kwanza chezeni bila zile punje za mahindi, mpaka mkono uzoee. Tulipojaribu na akina mama ambao hawakuwahi kucheza hata drafti, mchezo wa kwanza ulichukua dakika arobaini, na wa tatu dakika ishirini na tano. Mshambuliaji hufika mjini mara nyingi, na kazi huwa kubaki humo. Mlinzi mzuri ni yule asiyekimbilia kumpigania kila mtu njiani, bali anakiacha kifuniko chake kile kimoja kizuie safu moja na kungoja treni. Mama mmoja, aliyedai hana akili ya michezo, aligundua hilo kabla ya wanawe wote watatu, na tangu siku ile wanamwita Kanali.

WATU WA PUNJE

Sasa turudi kwenye mahindi. Punje ni wapagazi. Kanuni yake ni moja: kifuniko hakiwezi kupiga kama hakuna punje yake katika chumba kile kile au katika chumba kilicho nyuma yake. Punje haipigi mtu. Na kifuniko cha mwisho katika chumba kikiondolewa, punje iliyokuwa nacho inaondolewa pia.

Katika michezo mingi ya vita inayouzwa madukani kwa wenzetu, na katika ile ya kwenye simu pia, mpagazi hayupo. Askari anakula nini, risasi zake zinabebwa na nani, haiulizwi. Lakini vita vya nchi hii vilibebwa vichwani. Mbung'o waliua farasi na punda, magari yalikuwa machache na barabara hazikuwapo. Kila askari aliyekuwa mbele alihitaji wapagazi wawili, watatu au zaidi nyuma yake, kila mmoja na mzigo wake wa kilo 25 hivi. Katika siku zile chache za Tanga hawakuwa wengi, tuseme ukweli. Miaka minne iliyofuata ndiyo iliyowameza. Mwezi Machi 1916 Waingereza waliingia Moshi, na mwezi Juni walikuwa wamefika Mombo na Wilhelmstal, kisha wakaelekea Handeni na kusini zaidi. Vita havikwisha mpaka Lettow-Vorbeck aliposalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Njia yote hiyo, kwa pande zote mbili, ilikuwa ya watu wenye mizigo. Upande wa Uingereza peke yake waliokufa wanakadiriwa kupita 90,000, wengi kwa kuhara, homa, njaa na uchovu. Upande wa pili hesabu haikutunzwa vizuri, na wengi walichukuliwa kwa nguvu mashambani mwao.

Soko letu kubwa la Dar es Salaam linaitwa Kariakoo kwa sababu yao. Ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi lililogeuka kinywani mwetu, na Nairobi wana mtaa wao wa jina hilo hilo. Wangapi kati yetu tumenunua vitenge Kariakoo bila kujua? Na ile sanamu ya mwaka 1927 iliyoko katikati ya jiji ni ya askari mwenye bunduki. Maandishi yaliyoko chini yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake. Nairobi walimweka mpagazi naye asimame.

Tulipoanza kucheza na punje mambo yalibadilika. Kwanza watoto walilalamika, kwa maana zinachelewesha. Mvulana mmoja aliziacha zote Ras Kasone akakimbiza vifuniko vyake hadi mjini, akaviweka pale vitatu, kisha akagundua haviwezi kupiga hata mara moja. Alivitazama muda mrefu. Mchezo uliofuata alikuwa anasogeza punje kwanza, anazificha nyuma ya vifuniko viwili viwili kama kuku na vifaranga. Hatukumfundisha sisi.

Katika nyumba nyingine, njia ya kwenda Soni, alikuwapo bibi aliyepita miaka themanini, ameketi karibu na moto, haonekani kusikiliza. Wajukuu walipokuwa wanahesabu punje zilizoondolewa, akauliza hizo ni akina nani. Wakamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba babu yake mzaa baba alichukuliwa katika vita hivyo kubeba mizigo, akapitishwa njia ya Handeni, na mkewe akabaki na mtoto mgongoni na shamba la mahindi lisilopaliliwa. Hakurudi. Hapakuwa na barua wala kaburi, na kwa miaka mingi mkewe hakujua kama ajihesabu mjane au mke wa mtu. Watoto wakaulizana kwa macho. Mama yao, ambaye ni mkwe katika nyumba ile kwa miaka kumi na saba, alikuwa hajapata kuisikia habari hiyo. Mmoja wa wajukuu akauliza, “Bibi, aliitwa nani?” Akalitaja jina. Akalitaja mara ya pili, polepole, ili yule mwenye kalamu aliandike nyuma ya ubao.

Tangu hapo tumeongeza desturi moja, wala si kanuni ya mchezo. Kabla ya kukunja ubao, walioondolewa wanahesabiwa, vifuniko na punje, pande zote mbili, na mshindi ndiye anayehesabu kwa sauti. Watoto wengine hufanya haraka haraka. Waacheni.

MASWALI MLIYOTULETEA

Wengine wameuliza kama mchezo huu hautawafanya watoto wapende vita. Tumetazama nyumba chache tu, kwa hiyo tusijifanye mabingwa. Tulichokiona ni kwamba bunduki za mabua bado zipo, ila sasa kuna mtoto mmoja anayebeba mzigo, na wanagombania nani awe nyuki. Ugomvi wa kweli ulitokea juu ya dadu iliyoanguka nje ya mkeka. Amueni mapema: ikitoka nje, inatupwa tena.

Dada zetu wawili wameuliza kama dadu yenyewe inafaa katika nyumba ya Kikristo, kwa kuwa watu huitumia kuchezea kamari. Dadu haina kosa kama pesa haipo. Anayesita atumie vipande sita vya karatasi vyenye namba, ndani ya kikombe, na kuchomoa kimoja bila kutazama.

Wasichana wacheze? Kwa nini wasicheze! Waliotushinda sisi wenyewe ni wasichana wawili wa darasa la sita.

Na akina baba? Wakaribishwe, lakini wasipewe upande kwanza. Baba akikaa tu ataanza kuwafundisha wote wawili namna ya kupigana, na mchezo wa nusu saa utakuwa hotuba ya saa mbili. Mpeni kazi ya kuendesha treni.

Kuna mama mmoja wa Mlalo aliyeshauri tutengeneze mwingine juu ya vita vya zamani zaidi, vile vya Wakilindi baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai, wakati Semboja alipokuwa na nguvu zake Mazinde na Wabondei wakaasi, katika miaka ya 1860. Wazo ni zuri sana. Milima, mabonde, bunduki za kununua kwa wafanyabiashara wa pwani, na ndugu wa baba mmoja wanaogombea kiti: ubao wake utakuwa mgumu kidogo kuchora, lakini wazee wa Vuga bado wanazo simulizi, na ni heri waulizwe wakiwa wapo. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani aandike anayosimuliwa, kisha atuletee.

Ubao ukunjwe mara moja tu, katikati, usije ukakatika kwenye mistari. Vifuniko vihifadhiwe katika kopo la maziwa lenye kifuniko chake. Punje za mahindi msiziweke humo kwa miezi mingi bila kuzitazama. Zibadilisheni mara kwa mara, kwa maana tumefungua kopo letu juzi na kukuta fukusi wamekwisha kula wapagazi watatu.